Kuzika Tairi la Akiba

Gurudumu la nyuma kushoto ndilo lililotangulia kuzama. Dereva alilihisi kiunoni kabla hajaliona, siti ikateremka kidogo upande mmoja, kisha usukani ukawa mwepesi mikononi kama haukushikana na kitu. Alikanyaga mafuta. Gari likanguruma, likatikisika, likakaa palepale. Alipokanyaga mara ya pili tope liliruka mpaka juu ya mizigo na kulipaka godoro la mama mkwe wake.

"Tumefika?" aliuliza mama mkwe kutoka siti ya nyuma. Alikuwa mfinyanzi, mwanamke mfupi wa miaka sabini na ushei, amepakata beseni lenye vyungu vitatu alivyokataa vipakiwe nyuma pamoja na vitu vingine.

"Bado, mama. Pana kitope kidogo."

"Kidogo," alisema mkewe, Mama Mapacha, akichungulia dirishani. Kizingiti cha mlango wake kilikuwa kimekaribia kulingana na ardhi.

Dereva akaingiza gia ya nguvu, ile inayozungusha magurudumu yote manne, akaachia klachi polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Magurudumu yakazunguka bila kushika. Harufu ya kuungua ikapenya sakafuni. Hapo akazima injini, akabaki ameshika usukani. Miaka kumi na mmoja ameendesha magari ya kampuni ya kuchimba visima, milimani na mabondeni, na hakuna mtu aliyewahi kumvuta kwa kamba. Wenzake walimwita Mjusi, kwa sababu alipanda popote.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Walitoka kumchukua Mfinyanzi nyumbani kwake, ambako kilima kilikuwa kinameguka kidogo kidogo, na sasa ufa ulikuwa hatua nane kutoka ukuta wa jiko. Daraja la barabara kuu lilikwenda na maji. Njia iliyobaki ilikuwa hii ya bondeni, mistari miwili ya magurudumu katikati ya majani, na pande zote mbili hapakuwa hata na mti mmoja.

Mama Mapacha alivua viatu, akapandisha nguo magotini, akashuka. Tope lilimfika nusu ya muundi. Alilizunguka gari lote akilitazama kwa jicho moja, kama alivyozoea kutazama magunia kazini kwake. Alikuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka, na wakulima walisema anajua uzito wa gunia kabla halijashushwa begani.

"Baba Mapacha," alisema, "hili gari limekaa kama limebeba mahindi."

"Limebeba vitu vya mama. Kitanda, kabati, godoro na maboksi ya vyombo."

"Vyombo gani vya kuzikunja springi hivi?"

Dereva alikuwa amefungua sanduku la vifaa nyuma ya siti, akasimama akilitazama. Siku zote kulikuwa na beleshi moja. Leo yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa jipya, lebo yake ikiwa bado kwenye mpini. Alidhani vijana wa mtambo wamelisahau. Akatoa yote mawili.

Mfinyanzi naye alikuwa ameshashuka, ameinama, anafinya tope kwa vidole viwili.

"Mvua imenyesha lini huku?" aliuliza.

"Wiki tatu zilizopita, mama."

"Basi maji haya yanatoka wapi?"

"Mama, hayo tutayajua baadaye. Tulitoe gari kwanza."

"Mimi nauliza tu," alisema Mfinyanzi, akalinusa tope.

*

Walikuwa wamechimba robo saa, tope likirudi shimoni kila walipolitoa, wakati baiskeli ilipotokea mbele yao. Mwenye baiskeli alikuwa muuza vikapu. Vikapu vilipangwa nyuma yake mpaka juu ya kichwa, na yeye alisukuma akipita pembeni kabisa, kwenye majani, mbali na njia. Alipofika usawa wao akasimamisha baiskeli, akaketi juu ya kikapu kimoja kilichopinduliwa.

"Poleni."

"Tumeshapoa," alisema Dereva.

"Hapa siku hizi hapapitiki. Tangu kilima kilipomeguka kule juu, maji yamehama. Zamani yalipita kule." Alionyesha kwa kidevu. "Sasa yanapita chini ya njia. Juu pakavu, chini uji."

"Umeona?" Mfinyanzi alimwambia mkwewe. "Hilo ndilo nililokuwa nauliza."

"Kuna trekta karibu?" Mama Mapacha aliuliza.

"Lipo moja, la ushirika. Ila Jumanne lilikuja kumvuta mtu hapahapa, nalo likakwama. Lilitolewa kwa siku mbili. Mwenyewe ameapa harudi hata aitwe na nani." Muuza vikapu alitoa karanga mfukoni, akaanza kumenya. Macho yake yalikuwa yanasoma maandishi mlangoni mwa gari. "Nyinyi ni wa visima?"

"Mume wangu ni wa visima," alisema Mama Mapacha.

"Mbona mnabeba kitanda?"

"Kampuni imetuazima gari tumhamishe mama. Wamemwona mwenzangu ni mtu wa kuaminika." Alilisema akiwa amenyoosha mgongo, tope likimchuruzika mikononi.

Dereva aliendelea kuchimba. Alichimba kwa kasi mpya, mahali ambapo hapakuhitaji kuchimbwa.

"Basi si mpige simu ofisini kwao," muuza vikapu alisema. "Kampuni kubwa haikosi gari la pili."

"Hakuna mtandao bondeni," Dereva alisema bila kuinua kichwa.

"Upo. Pandeni pale kwenye kichuguu. Mimi mwenyewe hupigia pale nikichelewa nyumbani."

Mama Mapacha aliifuta mikono kwenye majani, akaenda garini kuchukua simu yake. Namba ya kampuni ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa rangi ya bluu, chini ya picha ya tone la maji. Aliibonyeza tarakimu moja moja, akisoma kwa sauti, kisha akaanza kutembea kuelekea kichuguuni.

"Mama Mapacha," mumewe aliita.

"Nakwenda kupiga."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Jua linapanda, mama hajanywa hata maji ya kutosha."

Dereva aliliacha beleshi likisimama lenyewe topeni, akamfuata. Alimfikia chini ya kichuguu. Muuza vikapu aliacha kumenya karanga. Mfinyanzi aliacha kunusa tope.

"Usipige," Dereva alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Hawajui."

"Hawajui nini?"

"Kwamba gari liko hapa. Mlinzi nilimwambia nalipeleka gereji. Nilikuwa nalirudisha leo saa kumi, mtu asijue."

Mama Mapacha alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyotazama mshale wa mizani unapokataa kutulia.

"Uliniambia umeomba."

"Nilikwambia nitaomba."

"Uliniambia umeomba, na wamekubali, na Mhandisi wenu amemsalimia mama."

Hilo la salamu Dereva alikuwa amelisahau.

"Ulishindwa kufungua mdomo tu? Mtu anayekupa funguo kila asubuhi?"

"Mwaka ule walipozaliwa watoto niliomba mkopo wa mshahara, unakumbuka. Karani alinikatalia mbele ya watu wote kwenye foleni, akaniuliza kama nilipozaa mapacha nilishauriana na kampuni. Watu walicheka mpaka mwezi ukaisha. Nikasema sitaomba tena kitu pale."

Mkewe hakucheka wala hakumpa pole. Alikuwa anafikiri jambo jingine, na kadiri alivyofikiri ndivyo uso wake ulivyobadilika.

"Baba Mapacha," alisema. "Mimi jana nilimshukuru."

"Nani?"

"Mhandisi. Alikuja ghalani kununua mahindi ya kambi. Nilimpimia mwenyewe. Nikamwambia, asante sana kwa kutuazima gari kesho, Mungu akuzidishie."

Dereva aliketi chini. Aliketi tu, kwenye majani, akiwa na suruali moja aliyokuja nayo.

"Akasemaje?"

"Alinyamaza kidogo. Nikadhani hajanisikia vizuri. Kisha akaniuliza mnapita njia gani. Nikamwambia ya bondeni. Akasema, waambie wawe na mabeleshi mawili."

Wote wawili waligeuka kulitazama lile beleshi jipya lililosimama topeni na lebo yake.

"Na kuniambia umekumbuka leo?" Dereva aliuliza hatimaye.

"Jana ulirudi nimelala. Na nilijua wewe ndiye uliyezungumza naye. Ningekwambia nini?"

"Sasa kama anajua, mbona hakunizuia?"

"Hilo na mimi nataka kulijua," alisema mkewe. Akaitia simu mfukoni. "Tulitoe gari. Ukafukuzwe ukiwa umelirudisha."

*

Hasira ya Mama Mapacha haikuwa ya maneno. Ilikuwa ya mikono. Alipanda nyuma ya gari, akaanza kufungua kamba na kushusha mizigo bila kumwomba mtu msaada. Godoro lilikwenda kwenye majani. Kabati likafuata, mlango wake ukijifungua na kutoa nguo za ndani za mama yake mbele ya muuza vikapu, ambaye kwa adabu aligeuka akatazama kilima. Kisha akashika boksi la kwanza lililoandikwa VYOMBO. Halikutikisika.

Alilishika tena, akainama, akalisukuma kwa bega.

"Mama," aliita, "ndani ya hili boksi kuna nini?"

"Vyombo."

"Kilo themanini za vyombo?"

Dereva alipanda, akakata kamba kwa kisu. Ndani, yakiwa yamefungwa kwenye vitambaa vya zamani kama mayai, kulikuwa na matofali. Yalikuwa matofali meusi, yaliyoungua upande mmoja mpaka yakang'aa kama kioo. Wakafungua la pili. Matofali. Maboksi yalikuwa manane. Majirani ndio walioyapakia asubuhi wakati Dereva anakunywa chai jikoni, na sasa alikumbuka jinsi mzee mmoja alivyokuwa anashika kiuno.

"Kilo mia sita na kitu," alisema Mama Mapacha. "Na kitanda, na sisi watu watatu."

"Mama," Dereva alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa hata pa kuanzia, "matofali yapo mjini."

"Yapo mapya. Haya ni ya tanuri langu. Yameungua miaka thelathini na nne, hayapasuki tena kwa moto wowote. Tofali jipya ukilitia moto wa vyungu linakufa siku ya kwanza."

"Ungesema."

"Ningesema ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo, kwa sababu gari..."

"Basi ndiyo maana sikusema."

Muuza vikapu alikohoa. Mama Mapacha alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, akaona kwamba amezungukwa na watu wa aina moja. Kitu fulani usoni mwake kilitaka kuwa kicheko lakini hakukiruhusu.

"Shusheni," alisema. "Yote."

*

Gari hilo lilikuwa na winchi mbele, chini ya bampa. Ni mtambo mdogo wenye waya wa chuma. Ukiufunga waya kwenye mti au mwamba, gari hujivuta lenyewe. Bondeni pale hapakuwa na mti wala mwamba.

"Waya mnaufunga kwenye nini?" muuza vikapu aliuliza. Swali lake halikuwa la kejeli. Alikuwa ameshasogea karibu na kukunja suruali.

"Kwenye tairi la akiba," alisema Dereva. "Tunalizika."

Hata Mfinyanzi aliinua kichwa. Dereva hakuwahi kulifanya. Aliwahi kusimuliwa na dereva mmoja mzee kambini: ukikosa mti, chimba shimo, lisimamishe tairi humo kama sahani kwenye rafu, funga waya katikati yake, fukia, kisha vuta. Ardhi ndiyo inakuwa mti. Alieleza kwa mikono, na wote watatu walimsikiliza kama watoto.

Wakachimba hatua kumi mbele ya gari, mahali palipoonekana pakavu. Udongo wa juu ulikuwa mgumu. Walipofika magotini ulilainika, na Dereva, ambaye muda ulikuwa unamkimbia, alisema panatosha. Wakalisimamisha tairi, wakafukia, wakakanyaga. Aliwasha injini, akabonyeza kitufe cha winchi. Waya ulinyooka, ukalia, gari likasogea upana wa kiganja. Kisha ardhi ikavimba polepole kama mkate, na tairi likachomoka, likaja likiruka juu ya majani. Liligonga bampa upande wa kulia na kuipinda ndani.

Dereva alikwenda kuigusa bampa. Chuma kilikuwa kimekunjika kama kona ya ukurasa.

"Hii huwezi kuificha," alisema mkewe.

"Naona."

Mfinyanzi alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo lililofumuka. Alichukua donge la udongo wa chini, akalisokota kati ya viganja mpaka likawa kama kamba nyembamba. Aliipinda kamba hiyo, akaifanya pete. Haikukatika.

"Huu ni udongo wa chungu," alisema. "Mzuri kabisa. Lakini una maji tumboni. Huu haushiki kitu, unateleza wenyewe kwa wenyewe. Mlizika tairi ndani ya chungu kibichi."

"Sasa tuzike wapi, mama?"

"Sijui. Lazima nitafute."

Akaanza kutembea. Kila baada ya hatua tatu aliwaambia wachimbe kidogo, kina cha mkono, naye anachukua, anasokota, anatikisa kichwa. Mara moja alisema hapa, kisha baada ya kuchimba sana akasema hapana, amekosea, na Dereva aling'ata meno. Muuza vikapu alishika beleshi la pili bila kuombwa. Alitaka kujua, kama wote, ule udongo mbovu unaishia wapi. Walijikuta wanafuata mstari wa maji usioonekana, ukipinda kama nyoka chini ya majani. Mama Mapacha aliweka kikapu kimoja kila mahali ulipopita, hata vikapu kumi na viwili vikasimama bondeni vikionyesha umbo lake.

Zaidi kidogo ya hatua ishirini, kulia mwa njia, kamba ya udongo ilikatika mkononi mwa Mfinyanzi. Akasokota nyingine. Ikakatika pia, ikamwagika kama makapi. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye changarawe.

"Hapa," alisema. "Huu haufai kwa lolote. Zikeni hapa."

Wakachimba mpaka shimo likamfika Dereva kiunoni. Lilichukua saa nzima na dakika zaidi. Kisha Mama Mapacha, aliyekuwa anaupima waya kwa macho, aliuliza: "Tairi likivutwa litabanwa na nini upande wa huku?"

"Ukuta wa shimo."

"Ukimomonyoka?"

Mfinyanzi ndiye aliyekwenda kwenye rundo la matofali yake, akarudi na mawili, moja kila mkono, akayaweka ukingoni bila neno. Wakapanga ukuta wa matofali mbele ya tairi, safu mbili, kisha wakafukia. Mengine waliyatandika chini ya jeki isizame, wakainua gari upande wa kushoto, wakajaza matofali chini ya magurudumu. Dereva alipunguza upepo kwenye matairi yote manne ili yatanuke yashike. Kila tofali lililoingia topeni Mfinyanzi alilisindikiza kwa macho.

"Yatatoka, mama," mkwewe alimwambia. "Nitayatoa moja moja."

"Toa gari," alisema Mfinyanzi.

Saa nane kasoro aliwasha injini. Aliwaagiza wakae mbali na waya, akatupa godoro juu yake ili ukikatika usiruke. Mama Mapacha alisimama ng'ambo ya kaburi la tairi kutazama kama ardhi itavimba. Waya ukakaza. Ukalia mlio mwembamba. Gari halikusogea.

"Ardhi?" Dereva aliuliza kwa sauti kutoka dirishani.

"Imetulia."

Akaongeza mafuta kidogo tu. Tope lilitoa sauti ya kufyonza, ndefu, ya aibu, na gurudumu la nyuma kushoto likapanda juu ya tofali la kwanza. Likaserereka, likashika la pili. Halafu gari zima lilitambaa mbele, likinuka na kuchuruzika, mpaka magurudumu yote manne yakawa kwenye udongo usiofaa kwa lolote.

Dereva alishuka. Muuza vikapu alikuja akalizunguka gari mara mbili, akainama kutazama chini yake, akasema, "Nami nilikuwa nakwenda sokoni." Akaanza kukusanya vikapu vyake. Walipomlazimisha achukue chochote alikataa. Alisema vikapu viwili vilikuwa vimepata tope, wanunue hivyo, na Mama Mapacha akavinunua bila kupunguziwa bei.

Saa nzima nyingine Dereva alikuwa mikono topeni mpaka mabegani, akitoa matofali. Tisa yalikuwa yamevunjika. Alimpelekea Mfinyanzi vipande vyake vyote. Yeye alivigeuza geuza na kusema hivyo pia vina kazi. Walivuka bonde kwa safari mbili fupi, nusu ya mzigo kila mara.

"Utaliosha?" Mama Mapacha aliuliza walipofika mjini.

"Ulitaka nilioshe?"

"Hapana," alisema mkewe. "Lirudishe hivyohivyo."

*

Jumatatu asubuhi madereva watano walikuwa wamelizunguka gari uani kwa kampuni. Tope lilikuwa limekauka likawa jeupe. Mmoja wao alikuwa anaisukuma ile bampa kwa ncha ya kiatu.

"Mjusi, umeanguka ukutani?"

Wakacheka. Dereva alipita katikati yao, akapanda ngazi, akagonga mlango wa Mhandisi.

Mhandisi alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiyekosa penseli sikioni. Alimwonyesha kiti. Dereva hakuketi.

"Nilichukua gari Jumamosi bila ruhusa," alisema. "Mlinzi nilimdanganya, asilaumiwe. Mke wangu pia nilimdanganya. Nilikwama bondeni, bampa imepinda, klachi imeungua kidogo. Ndiyo yote."

"Mlitokaje?"

"Tulizika tairi la akiba."

Mhandisi alichomoa penseli sikioni. "Kina gani?"

Dereva alionyesha kiunoni.

"Na halikuchomoka?"

"Mara ya kwanza lilichomoka, likapinda bampa. Mara ya pili mama mkwe wangu alitutafutia udongo. Tukalijengea na ukuta wa matofali."

Mhandisi alichora kwenye karatasi, akauliza kuhusu waya, pembe yake, rangi ya udongo, maji yanapopita. Alivutiwa kweli, akasahau kwa dakika chache kwamba aliyesimama mbele yake ni mkosaji. Alipomaliza alifungua droo, akatoa karatasi moja, akaisukuma juu ya meza.

Ilikuwa fomu ya kuombea gari. Namba ya gari ilikuwa imejazwa. Tarehe, Jumamosi. Njia, bondeni. Sababu ya safari: kumhamisha mama mkwe. Chini kabisa palikuwa na saini ya Mhandisi. Mahali pa saini ya mwombaji palikuwa wazi.

"Ijumaa nilikaa hapa mpaka saa moja," Mhandisi alisema. "Nilikusikia ukipita kwenye korido mara tatu. Kila mara nikasema, sasa anaingia."

Dereva alikuwa bado anaisoma ile karatasi. Aliisoma kama yenye kurasa nyingi.

"Kwa nini hukuniita, bosi?"

"Nilitaka uje mwenyewe. Nilitia na beleshi, nikiwa bado nadhani utakuja." Aliichukua karatasi, akaikunja. "Bampa utakatwa kwenye mshahara. Funguo niachie. Wiki sita utakuwa stoo, unaosha mabomba."

"Sawa."

"Na nisikie umemwomba radhi mlinzi mbele ya wenzako, palepale uani."

Hilo ndilo lililomwia Dereva gumu kuliko stoo. Akaweka funguo mezani, akashuka ngazi, akalifanya.

*

Jioni hiyo alirudi kwa miguu. Mama Mapacha alikuwa mlangoni akichambua mchele. Aliona mikono haina funguo, akasogea kwenye benchi kumpisha. Dereva alimsimulia yote, fomu, droo, korido, mlinzi. Alipofika kwenye zile mara tatu za kupita mlangoni, mkewe aliacha kuchambua.

"Mara tatu?"

"Tatu."

"Na mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa umeegeshwa tu."

Mama Mapacha aliweka ungo chini. Alishika mkono wa mumewe, uliokuwa na michubuko ya matofali, akaugeuza kutazama kiganja, kisha akaurudisha gotini kwake taratibu. Bado alikuwa na hasira, na alimwambia hivyo. Akamwambia pia kwamba akimdanganya tena kwa salamu za watu ambao hawakumsalimia, atalala ghalani kwenye magunia.

Uani, nyuma ya nyumba, Mfinyanzi alikuwa amechora duara kubwa ardhini kwa kijiti. Matofali yalikuwa yamepangwa pembeni, yameoshwa. Mapacha walikuwa wanampitishia, kila mmoja na lake. Safu ya kwanza ilikuwa imeshaanza kupinda.

Dereva alisimama akaitazama. Nyumba hiyo ilikuwa ya kupanga. Mwenye nyumba aliishi upande wa pili wa ua, mwanamke aliyeitwa Mama Risiti kwa sababu aliandikia risiti hata ndoo ya maji.

"Mama," alisema, "mwenye nyumba umemwambia?"

Mfinyanzi alifuta mikono kwenye kanga. "Nilifikiri tukishamaliza atazoea."

Mama Mapacha, nyuma yao, sasa alicheka kweli, akashika ukuta.

Dereva alivua shati la kazi, akanawa uso, akavaa shati safi. Alivuka ua. Mkewe alimfuata, na Mfinyanzi akaja nyuma yao akiburuza ndala. Mlango wa Mama Risiti ulikuwa umeegeshwa. Dereva alisimama mbele yake kwa kitambo, akakohoa, kisha akapiga hodi.

"Nani? Kodi bado wiki mbili."

"Si kodi, mama. Tumekuja kuomba."

Mlango ukafunguka nusu. Mama Risiti aliwatazama wote watatu, kuanzia miguuni.

"Kuomba nini?"

"Ruhusa ya kujenga tanuri la vyungu pale uani. Moshi utakuwepo, sitakuficha. Mara mbili kwa mwezi, labda tatu."

"Na nikikataa?"

Masikio ya Dereva yalikuwa yamepata moto. Alijua watu wa vyumba vya jirani wanasikia. Redio moja ilikuwa imepunguzwa sauti.

"Ukikataa tutayaondoa matofali," alisema. "Tutakushukuru kwa kutusikiliza."

Mama Risiti alitazama juu ya bega lake, kule uani, ambako mapacha walikuwa wamesimama kila mmoja na tofali mikononi, wakingoja. Mlango ulifunguka kidogo zaidi.

"Moshi wa kuni au wa mkaa?" aliuliza.

Hilo Dereva hakulijua. Akapisha pembeni, na Mfinyanzi akapita chini ya mkono wake kwenda kujibu.